Ukitoka pwani kuja kuvua trauti, koti linunue mwisho

Mtu aliyekulia Tanga anajua kuvua. Kuvaa ndiko hajui, na wala si kosa lake. Kwetu mvuvi ni kaptura na fulana kuukuu. Ukilowa, jua litakukausha kabla ngalawa haijagusa mchanga. Bahari yenyewe ni vuguvugu mwaka mzima, mtu anasimama majini hadi kifuani akivuta nyavu, akitoka hana habari. Sasa ukishahamia Nairobi na mkono bado unawasha kushika mshipi, maji utakayoyakuta huku, ya mito ya milimani anamoishi samaki aitwaye trauti, ni mengine kabisa.

Nawaandikia Watanzania wenzangu wa pwani, na ndugu zetu wa Mombasa, Kilifi na Lamu pia, tulioletwa Nairobi na kazi au ndoa. Kila mmoja wetu ana koti lake la Julai. Kwa kupanda matatu asubuhi linatosha. Kwa kusimama kando ya mto Chania, kule milima ya Aberdare, kuanzia alfajiri hadi adhuhuri halitoshi, na nimeona watu wazima, wavuvi wa kweli waliozaliwa kwenye chombo, wakitetemeka hadi maneno hayatoki.

Hesabu yake ni rahisi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ukishika njia ya Naivasha, ukapita Ndunyu Njeru na kupanda hadi lango la Mutubio la Hifadhi ya Taifa ya Aberdare, umeshavuka mita 3,000. Kwa wastani joto hupungua nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Asubuhi ambayo Nairobi imeamka na nyuzi 12, kule juu kuna tatu au nne, na upepo wa nyikani bado hujauhesabu. Ukungu unashuka saa yoyote. Majani yanafika magotini na yamejaa umande, kwa hiyo hata siku isiyo na mvua utalowa.

Na huwezi kumkwepa baridi ukampata samaki. Trauti si mwenyeji wa hapa. Mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa kutoka Scotland mwaka 1905, mlowezi Mwingereza Ewart Grogan akayapandikiza mto Gura wa Aberdare, na baadaye wakaletwa trauti wa upinde wa mvua. Walistawi kwa sababu maji ya milima hii ni baridi, yanakwenda mbio, na yana oksijeni nyingi. Yakipata joto, samaki huyu anadhoofika. Unamfuata anakoishi au unamwacha.

Sasa mavazi. Wengi wakisikia baridi hukimbilia koti, tena zito kuliko yote sokoni. Mimi nasema koti liwe la mwisho kununuliwa. Anza na kinachogusa ngozi, kwa sababu baridi peke yake haimwangushi mtu haraka. Unyevu ndio unaomwangusha. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi karibu mara 25 kuliko hewa. Na maji hayo si ya mvua tu. Unabeba mzigo, unashuka bonde, unapanda tena, jasho linakutoka. Ukifika mtoni ukasimama, jasho lile linapoa mgongoni.

Ndiyo maana fulana ya pamba haina nafasi huku. Pamba inakunywa jasho na kulishikilia. Shemeji yangu alipokuja kututembelea alivaa fulana ya pamba, jinzi, na juu yake koti kubwa la kifahari. Hakuna tone la mvua lililoanguka siku ile. Umande uliingia kwenye jinzi ukapanda hadi mapajani, jasho likabaki kifuani, na tulipofika mtoni nilimtazama akijaribu kufunga ndoana. Uzi ulikuwa unampita vidoleni. Alijaribu, akajaribu tena, akanipa ile ndoana bila kusema kitu. Huyo ni mtu anayefunga ndoana gizani, chombo kikiyumba. Nilimvua fulana palepale, nikampa ya sufu iliyokuwa kwenye begi langu, na baada ya chai ya tangawizi vidole vikarudi kazini.

Sufu ndiyo nguo ya ndani bora. Inaweza kubeba maji karibu theluthi ya uzito wake na bado ikakutia joto, tena hainuki upesi. Sufu ya kondoo wa merino ni laini, haiwashi ngozi. Isipopatikana, poliesta nyembamba ya wanamichezo inafaa: inasukuma jasho nje na kukauka haraka, ingawa jioni utajijua kwa harufu. Ivae ikiwa imekubana kidogo, mikono mirefu, na suruali yake ya ndani pia. Wanaume wenzangu wa pwani huona haya kuvaa suruali mbili. Vaeni.

Juu ya hiyo weka kitu cha kushika hewa: sweta la sufu, au jaketi la flisi, kile kitambaa chepesi chenye manyoya mafupi. Mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene, maana ukipanda kilima unavua moja na ukisimama unairudisha. Jaketi la manyoya ya bata lina joto sana likiwa kavu, lakini likilowa manyoya yanagandamana na joto linakwisha, kwa hiyo mtoni silipeleki. Libaki garini.

Ndipo tufike kwenye koti lenyewe, na kwa hilo tunakwenda Gikomba, soko la mitumba la Nairobi. Nenda mapema, siku ambayo belo linafunguliwa. Vile vya kwanza kuchaguliwa, ambavyo wachuuzi wa hapa huviita kamera, bei yake iko juu, na kwa koti la mvua nakushauri uilipe. Fagia, yale mabaki ya mwisho, yachambue kwa subira ukitafuta sweta na soksi za sufu, kwa sababu wateja wengi huziruka. Koti la mvua usilitafute humo.

Yuko mama mmoja ninayenunua kwake, anauza makoti tu. Karibuni nilishika kwake koti la kijani, zito, zipu nzima, mifuko minne.

"Hiyo ni ya Canada, mwanangu. Haiingizi maji hata tone."

"Mama, naomba niigeuze ndani."

"Geuza tu. Kwani nimekukataza?"

Ndani ya koti la kweli la mvua utaona utepe mwembamba uliogandishwa juu ya kila mshono. Sindano ikipita kwenye kitambaa huacha matundu, na utepe ndio unaoyaziba. Lisilo na utepe ni koti la upepo, lebo iseme itakavyo. Lile la kijani utepe wa mabegani ulikuwa umeinuka pembeni. Niliugusa kwa ukucha ukaja wote. Utepe mtu anaweza kuubandika upya, kwa hiyo sikukata tamaa. Nikaingiza kidole kwenye kofia yake. Rangi ya ndani ilikuwa inabanduka kama magamba ya changu, na unga mweupe ukabaki kidoleni. Huo ni utando wa ndani wa kuzuia maji, na umekufa, na utando ukifa haufufuki. Nikamrudishia mama kwa heshima, naye akainama chini ya meza akanitolea jingine, la kijivu, halina sura lakini ndani ni zima kabisa. Ndilo ninalovaa.

Njia nyingine ya kupima: weka mdomo kwenye kitambaa upulize kwa nguvu. Pumzi ikitokea upande wa pili kwa urahisi, mvua nayo itapita. Mimi pia hubeba chupa ya maji. Nakunja kidogo sehemu ya mgongo ishike maji, nayabonyeza kwa kidole gumba, kisha nagusa chini yake. Ikiwa chini ni pakavu lakini uso wa nje umekunywa maji na kuwa mweusi, usiliache koti hilo. Ile dawa ya juu inayofanya matone yateleze ndiyo iliyochakaa, na dawa hiyo hurudishwa: lifue vizuri, lisuuze sana, kisha lipate joto la kiasi, kwa mfano pasi isiyo kali ikipita juu ya kitambaa kikavu. Ikishindikana, iko dawa ya kupuliza katika maduka ya vifaa vya kambi.

Madukani, kwenye makoti mapya, utakuta namba 5,000, 10,000 au 20,000. Hizo ni milimita za kimo cha maji ambacho kitambaa kinahimili kabla hayajapenya. 10,000 ni nguzo ya maji ya mita 10. Utasema hakuna mvua ya hivyo. Ni kweli, lakini ukipiga goti kwenye nyasi zilizolowa, au mkanda wa begi ukikubana bega, shinikizo la mahali pale linazidi la mvua kwa mbali. Kwa mtoni sishuki chini ya 10,000.

Jambo jingine ni jasho kupata njia ya kutoka. Koti la plastiki ya PVC wanalovaa waendesha bodaboda linazuia maji moja kwa moja, na bei yake ni nafuu. Kwa kukaa kwenye mashua Ziwa Naivasha asubuhi, ukisubiri chochote kile kinachouma chambo, linafaa sana, kwa sababu hutembei. Kwa kupanda na kushuka mabonde ya Aberdare litakulowesha kwa jasho lako mwenyewe. Huko unahitaji utando unaopitisha mvuke na kuzuia tone. Gore-Tex ndiyo maarufu, ilitokana na ugunduzi wa Bob Gore mwaka 1969 alipovuta plastiki ya PTFE ikatoa vitundu vidogo mno, na leo makampuni mengi yana utando wao wa namna hiyo. Ukikuta zipu za makwapani, chukua koti hilo. Zinasaidia kuliko hata utando wenyewe.

Kwa mvuvi kuna vitu viwili ambavyo mpanda mlima hajali. Cha kwanza ni mwisho wa mkono wa koti. Unaporusha uzi, mkono uko juu, na maji yanashuka kwenye mkono hadi kwapani. Kwa hiyo uwe na kibano kinachokaza kwenye kifundo. Cha pili ni kofia ya koti: iwe na ukingo mgumu mbele na igeuke pamoja na kichwa, la sivyo unageuka kutazama uzi na jicho moja linabaki ndani ya kitambaa. Rangi iwe ya majani au udongo. Maji ya kule ni maangavu na trauti anaona juu vizuri. Mashuani ni kinyume: vaa rangi inayoonekana mbali, na jaketi la kuokolea juu ya kila kitu.

Suruali ya mvua ipite nje ya gambuti. Ukiichomeka ndani, kila tone linaloteremka mguuni linaishia kwenye soksi. Gambuti lenyewe lizidi saizi yako moja, ili soksi ya sufu ikae bila kubana. Mguu uliobanwa damu haipiti vizuri, na soksi tatu ndani ya buti dogo zina baridi kuliko moja ndani ya buti pana. Kama unataka kuingia majini, iko suruali ya buti inayofika kifuani. Ya neoprini, ule mpira laini mnene, ina joto yenyewe, ya kitambaa chepesi inategemea ulichovaa ndani. Yoyote utakayochagua, funga mkanda kiunoni kila mara. Ukianguka kwenye mkondo, mkanda ndio unaozuia maji yasiijaze. Na usiingie mtoni peke yako. Kule kuna nyati na tembo, nenda na askari wa wanyamapori, ukiwa na leseni yako ya uvuvi.

Mikononi glavu za sufu zilizokatwa vidole. Kichwani boshori chini ya kofia ya koti. Shingoni hata kitambaa kidogo.

Nguo kavu kamili, kuanzia fulana hadi soksi, zifungwe kwenye mfuko wa plastiki na ziende na wewe mtoni, zisibaki garini. Mwenzako akianza kutetemeka bila kukoma, akawa anajikwaa au maneno yanamvurugika, mvue vilivyolowa, mvike hivyo vikavu, mpe kitu cha moto chenye sukari, mwondoke. Pombe usimpe, inapanua mishipa ya ngozi na joto linatoka zaidi, ingawa yeye atahisi amepata nafuu.

Ukirudi Nairobi, koti litundike wazi, usilikunje likiwa na unyevu, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyoona utando wa makoti mengi ukifa. Lifue kwa sabuni laini, bila dawa ya kulainisha nguo. Gambuti zijaze magazeti na uziweke mbali na jiko, mpira hupasuka.

Kama hela ni ya kitu kimoja tu mwezi huu, nunua soksi na fulana ya sufu. Mwezi ujao flisi. Koti baadaye, hata la kuazima kwanza. Na ukiwa bado hujaondoka Tanga, pita kwenye mitumba ya nyumbani kabla hujapanda basi: koti zito likitoka kwenye belo huko hakuna anayeligombea, mchuuzi anataka liondoke mezani. Ligeuze ndani, tazama mishono, pulizia kitambaa, ndipo uulize bei.