Jinsi nilivyomzoesha mwanangu kukadiria uzani kwa mkono

Mwanangu wa darasa la tatu alirudi na zoezi la hisabati: kadiria uzani wa vitu vya nyumbani. Kwenye yai aliandika gramu 500, kwenye ndoo ya maji kilo 3. Sikumkemea. Hajawahi kuambiwa gramu mia inakaaje mkononi, angeijuaje?

Nikaanza na maji, maana lita moja ni kilo moja, na maji yapo kila nyumba. Chupa ya nusu lita ni gramu 500. Plastiki yake nyepesi, haiharibu hesabu. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Kijiko cha chai cha maji ni gramu 5, sawa na karatasi moja ya kawaida ya A4. Aliposhika yai huku na chupa kule, akachukua ufutio mwenyewe. Yai la kuku wa kisasa ni kama gramu 60.

Kazi ilikuwa macho. Mto wa sufi aliuona mzito kuliko kilo 2 za sukari, kwa vile ni mkubwa. Tena, hata vitu viwili vikiwa na uzani uleule, kile kidogo mkono hukihisi kizito zaidi, na hilo humpata hata mtu mzima. Basi nikatafuta vikapu viwili vya ukili vinavyolingana: kimoja chupa ya maji, kingine kitu cha kukisia. Anafumba macho, anashika mishikio tu. Siku ya tatu akaanza kupatia, na tulipokwenda soko la Mgandini akanyanyua kikapu cha vitunguu akasema kilo moja na robo. Mizani ikasoma kilo moja na gramu 300. Nilifurahi mno.

Jioni mama mkwe wangu alikuwa barazani akitusikiliza. Akamwambia mjukuu wake kwamba zamani mbata zilipimwa kwa frasila. Frasila ni ratili 35, nikamfafanulia, karibu kilo 16.

Mtoto akanyamaza kidogo. "Bibi, hiyo si ndoo ambayo haijajaa?"

Tukachota lita 16. Bibi akashika mkono wa ndoo, akainyanyua kidogo tu kutoka sakafuni, akaitua.

"Ndiyo yenyewe," akasema.