Kutu Haina Likizo: Siku Moja Maishani Mwangu, Baharia wa Mtongwe

Saa kumi na moja kasoro alfajiri. Kipenga cha kambi bado hakijalia, lakini adhana ya msikiti wa nje ya ua imeshaniamsha. Mimi si Mwislamu. Nimelelewa Nyandarua, kati ya kanisa na shamba la viazi, ila huu mwaka wa pili mwadhini huyo ndiye saa yangu. Akiwa na mafua bweni zima tunajua.

Kabla sijaendelea: mambo ya ndani ya geti mengine yatabaki ndani ya geti. Picha hakuna, na meli yangu nitaiita meli tu. Aliyekuja kuhesabu mizinga atakosa. Nataka tu kuwajibu wanaoniuliza kila siku baharia wa jeshi hufanya nini, maana kijijini kwetu wanaamini nikiamka nachukua bunduki na kuwafuata maharamia.

Saa kumi na moja na nusu. Mbio. Kule Eldoret, kwenye kambi ya Moi tulikofunzwa ukuruta sote, wa nchi kavu, wa anga na wa maji, tulikimbia tukipuliza moshi mdomoni kwa baridi. Hapa Mombasa, mwezi wa kwanza, kaskazi inavuma na jua halijatoka bado, lakini fulana imeshalowa kabla ya mzunguko wa pili. Watu wa bara tunajisifu kwa pumzi. Pumzi ya Nyandarua hii joto haiitambui.

Saa mbili kamili bendera inapanda. Popote ulipo unasimama wima, kimya, uso kwenye bendera. Ng'ambo ya maji winchi za bandari ya Kilindini haziheshimu chochote, zinaendelea kushusha makontena kwa kelele zile zile. Nilikaa hapa miezi sita kabla ya mtu kunieleza jina hilo: kilindi ni maji marefu, basi Kilindini ni kwenye kina. Ndiyo maana meli za ghorofa kumi zinapita mbele yetu bila kugusa chini. Jeshi la Wanamaji la Kenya lilizinduliwa Desemba 1964, mwaka mmoja baada ya uhuru, na makao yake ni hapa Mtongwe. Nilipokuwa mdogo nilidhani Mombasa ni kisiwa na basi. Kumbe baharia anaishi bara ya kusini, na kisiwa anakitazama kutoka ng'ambo.

Saa mbili na nusu, na hapa ndipo kazi ilipo. Kutu.

Tafadhali nieleweni. Meli ya kivita ni chuma, bahari ni chumvi, na hivi viwili haviishi kwa amani. Kila mahali rangi ilipokwaruzwa na kamba, mnyororo au buti la mtu, kutu inaingia kama panya ghalani. Kwa hiyo asubuhi yangu, siku ambazo hatuko baharini, ni hivi: nyundo ndogo yenye ncha, gonga, gonga, gonga, mpaka magamba mekundu yaruke. Halafu brashi ya waya. Halafu msasa. Halafu unaosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, unakausha, unapaka rangi ya msingi, unangoja, ndipo unapaka ile ya kijivu ambayo ndugu zangu huiona kwenye picha na kusema meli inapendeza. Ukimaliza omo, yaani mbele ya meli, tezi huko nyuma imeshaanza kuchanua tena.

Wiki ya kwanza niliona werevu. Nikapaka rangi juu ya chuma ambacho hakijakauka vizuri, nikamaliza kabla ya wenzangu, nikakaa kivulini nikitabasamu. Baada ya siku tisa rangi ilivimba malengelenge kama mguu uliovaa kiatu kipya. Koplo hakupiga kelele. Alinipa nyundo, akanionyesha mahali pale, akaondoka. Nilibandua mita zangu zote mwenyewe huku wale wa kivulini sasa wakiwa wenzangu.

Baba hupiga simu na kuuliza, "Leo umepigana?" Namwambia ndiyo. "Na nani?" Na kutu, baba. Hupenda jibu hilo, hulirudia kwa majirani.

Leo tumefanya upande wa kushoto, karibu na ngazi. Jua la saa nne juu ya sitaha ya chuma ni kitu kingine, unalisikia kupitia soli. Mwenzangu kutoka Kisii huimba nyimbo za harusi za kwao wakati wote wa kugonga, na nyundo zetu zikimfuata inakuwa kama ngoma. Afande mmoja alipita, akasimama kidogo, akaendelea na safari yake huku kichwa kikitikisika kwa mdundo. Atakana.

Saa saba. Chakula: wali, maharagwe, kabeji, na kwa kuwa ni Ijumaa, kipande cha nyama. Waislamu wameenda swala na kurudi. Hakuna la kusimulia hapo.

Saa nane tuko bwawani. Nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka ishirini na moja, na siku ya kwanza nilishika ukingo kama mtoto anayeshika gauni la mama yake. Sikuwa peke yangu. Hata hapa pwani wako watu wengi wanaovuka bahari kila siku na hawajui kuogelea. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka hapa hapa Mtongwe ikielekea kisiwani, na watu 272 wakafa, tena karibu na ufuo. Wazee wa mtaa huu wakikutajia mwaka huo hupunguza sauti. Kwa hiyo mwalimu akisema rudia, narudia. Leo nimemaliza urefu wote bila kusimama, pua moja ikiwa imejaa maji.

Saa kumi na nusu jioni ninatoka getini nikiwa na nguo za kiraia: bukta, ndara, kofia. Siku yangu ya pili inaanzia hapa, na ukweli ni kwamba ndiyo ninayoingoja tangu adhana.

Wenzangu wana njia zao. Kuna wanaobaki kucheza michezo ya video mpaka vidole vifanye malengelenge, kuna wa voliboli, kuna wanaovuka feri Likoni kwenda bustani ya Mama Ngina kula mihogo ya kukaanga chini ya mibuyu na kujaribu bahati zao kwa wasichana. Nami huenda huko Jumapili mojamoja. Siku za kazi napanda tuktuk hadi Likoni, naenda kwa Babu.

Babu si babu yangu. Ni mvuvi wa Timbwani, Mdigo, umri wake yeye mwenyewe husema "mkubwa", na nilimfahamu barazani kwenye drafti. Pale kinyozini pana benchi, ubao uliochorwa kwa mkaa na vifuniko vya soda, na wazee wanaocheza kama wanaodaiana. Mara ya kwanza nilipokaa, mmoja aliona nywele zangu akauliza, "Wewe wa kambini?" Nikakubali. Akauliza kama mimi ni mpiga mbizi. Tangu Septemba 2019, gari lilipotumbukia kutoka kwenye feri ya Likoni na wapiga mbizi wa jeshi wakashiriki kulitafuta siku nyingi, kila kijana wa Mtongwe hapa ni mpiga mbizi mpaka akane. Nikakana. "Basi wafanya nini?" Nikasema mimi ni baharia. Ndipo Babu akainua uso kutoka kwenye ubao.

"Baharia wa wapi?"

"Wa Nyandarua, mzee."

Walicheka mpaka kinyozi akazima mashine. Halafu Babu akala vifuniko vyangu vinne kwa mruko mmoja, akaniambia nije kesho yake aniangalie kama najua hata kushika kafi.

Sikujua. Nina cheti, nimepita mitihani, najua mafundo kumi na mawili kwa majina. Babu hajui jina hata moja, lakini anayafunga akitazama pembeni, na likishafungwa halifunguki mpaka yeye aseme.

Leo ninamkuta ameshaiteremsha ngalawa majini.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Umechelewa. Maji yamejaa, sasa yaanza kutoka."

Natoa simu nimwonyeshe jedwali la maji kujaa na kupwa. Huu ni mchezo wetu. Yeye hutaja kwanza, mimi nasoma baadaye. Leo mwezi ni mpevu, kwa hiyo ni bamvua, yaani maji makubwa, na kanuni yake ni fupi: siku za bamvua Mombasa hujaa alasiri na alfajiri, hupwa kabla ya adhuhuri na usiku. Halafu kila siku unasogeza mbele karibu saa moja kasoro, mpaka ufike maji mafu, ambapo bahari haina haraka ya kwenda wala kurudi. Bamvua maji hupanda na kushuka kupita mita tatu. Mtu wa bara hawezi kuliamini jambo hilo mpaka aache ndara zake ufuoni.

Niliacha. Zilikwenda.

Tunakwenda ndani ya mwamba tu, si mbali, kwa sababu tukichelewa maji yatatuacha na tutaikokota ngalawa juu ya mawe. Mshipi, ndoana, chubwi, na vipande vya ngisi kwa chambo. Babu haongei sana akiwa majini. Anaushika mshipi kwa kidole cha shahada kama anayempima mgonjwa. Mimi nakaa nyuma, kazi yangu kubwa ni kufua maji kwa kopo la rangi, na kopo lenyewe nilimletea mimi, kwa hiyo hata huku nimefuatwa na kijivu.

Samaki wangu wa kwanza alikuwa tafi. Nilifurahi, nikamkamata kwa kiganja chote kumwonyesha Babu. Hakuna aliyeniambia tafi ana miiba ya sumu mgongoni na tumboni. Mkono uliwaka hadi kwapani. Babu alifungua chupa yake ya chai, akamimina kwenye kile kikopo cha kifuniko, akangoja kidogo isiniunguze, akanitumbukiza vidole humo. Joto huvunja sumu ile, maumivu yakashuka polepole. Chai ya tangawizi, yenye sukari nyingi. Aliponiona nimetulia akasema, "Bunduki waijua, tafi humjui." Kisha akalalamika kuhusu chai yake mpaka tukafika ufuoni.

Leo tumepata changu watatu na tafi mmoja, ambaye nimemshika inavyopaswa, kwa kitambaa, vidole chini ya taya. Babu ameona. Hakusema kitu, lakini ameona.

Saa kumi na mbili na nusu tuko nchi kavu, magharibi inaadhiniwa, Babu ameenda kutawadha. Mimi naenda kwa mama wa viazi karai karibu na steji ya Likoni. Karai lake ni jeusi nje na la dhahabu ndani, na ukwaju wake unakunja uso. Siku moja nilimuuliza viazi hununua wapi. Soko la Kongowea, akasema. Na Kongowea vinatoka wapi? "Huko kwenu kwenye baridi. Nyandarua." Nilisimama na sahani mkononi. Nimetoka shambani kukimbia kuvuna viazi, nimesafiri hadi baharini, na viazi vimepanda lori vikanifuata. Nilimpigia mama simu hapo hapo. Alitaka kujua bei, nikamtajia ya sahani moja, akanyamaza, halafu akauliza ni viazi vingapi hivyo. Vinne, mama. Akasema anapigia dalali wao kesho asubuhi.

Saa mbili na nusu niko ndani ya geti. Naoga mara mbili, maana harufu ya ngisi haiheshimu sabuni. Nalala saa tatu hivi, kwa sababu leo jina langu liko kwenye zamu.

Saa sita usiku. Zamu ya kati, hadi saa kumi. Hii ndiyo zamu ambayo hakuna anayeitaka. Unapokea tochi na daftari kutoka kwa mtu ambaye macho yake yameshalala, halafu unatembea: omo, tezi, ngazi, kamba. Mwezi uko juu, Kilindini inang'aa kama mji wa pili, na winchi bado hazijalala. Usiku kazi yetu kubwa tukiwa gatini ni kamba. Maji yakipwa meli inashuka na kamba zinakaza kama nyuzi za gitaa, unazilegeza. Yakijaa inapanda na kamba zinaning'inia, unazikaza. Ukisahau, bahari itakukumbusha kwa gharama ya serikali.

Koplo amekuja kukagua, yule yule wa nyundo. Amemulika kamba ya omo, ikianza kulegea.

"Maji yanakwenda wapi?"

Simu yangu iko bwenini. Nimeutazama mwezi, nimehesabu.

"Yanajaa, afande. Yamepwa saa tano kasoro. Yatafika juu kama saa kumi na moja kasoro robo."

Amefungua jedwali lake, amepitisha kidole, amemulika tena.

"Umekosea dakika kumi na mbili," amesema. "Kaza hiyo kamba."