Nilivyoiweza "run" bila kukariri kamusi

Ushauri mbovu kuliko wote niliopewa nilipoanza kazi ya usafi wa vyumba hotelini kule Nungwi ulitoka kwa kijana wa mapokezi, mwenye cheti chake: "Shika kamusi, kariri maana zote za neno, hutababaika tena." Nikanunua kamusi ya Kiingereza, shilingi elfu ishirini na kitu, nikaanza na run kwa sababu ilikuwa haiwatoki wageni mdomoni. Kukimbia, kuendesha, kugombea uongozi, kutiririka. Nilizishika kweli, maana kichwa ninacho, madrasa ilinizoesha.

Sikujua kwamba wahariri wa ile kamusi kubwa ya Oxford, walipolipitia upya neno hilo, walipata maana 645 za kitenzi chake peke yake, ikaipiku set, kitenzi kilichokuwa kikiongoza kwa maana 430 katika toleo la 1989. Mtu anakwambia kariri, kumbe anakutuma uchote bahari kwa kijiko!

Basi siku hiyo mama mmoja wa Kiingereza ananikabidhi kanga nyekundu aliyoinunua Darajani, ananiambia, "Careful, it runs." Nimesimama na kanga mkononi, orodha yote inanipita kichwani. Kanga inakimbia? Inaendesha? Inagombea uwakilishi? Nikatabasamu, nikasema "yes, madam", nikateremka nayo kwa dobi. Bibi yule hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Nikamwambia mgeni kasema jambo juu ya kanga hii, sikulielewa. Wala hakuinua uso. "Kanga mpya, nyekundu, na mwenyewe ana wasiwasi. Atasema nini zaidi ya kuwa inachuja? Ifue mbali, mwanangu."

Kamusi niliiweka kabatini siku ile ile. Hivi "piga" yetu nani alitukaririsha? Piga pasi, piga deki, piga hodi, piga chafya, wala hakuna anayeumia humo. Unatazama neno linalofuata, mambo yanajimaliza. Nikaanza kumtazama jirani wa run vivyo hivyo. Pua: makamasi. Mfereji: umeachwa wazi, kaufunge. Injini: inawaka. Hoteli: kuna mtu anaiendesha. Soksi ndefu za kike: zimefumuka uzi, usimletee mtu raba za mazoezi.

Vinavyosumbua ni vile vijineno vinavyokaa nyuma yake. Hivyo usivichambue, vimeze vizima vizima. Mimi naviandika kwenye kidaftari cha mfukoni, kila kimoja na kitu nilichokisikia nacho: run out na taulo zilizoisha, run into na mtu uliyekutana naye bila kutarajia, run over na aliyegongwa na gari. Mwenzangu aliyenicheka kwa kidaftari hicho alitaka kumwambia mgeni kwamba amekutana na meneja ngazini, anakuja sasa hivi. Akachagua over. Mgeni akauliza kama ambulensi imeshaitwa.