Freimubafa kwenye WebGL: picha ikitoka nyeusi

Tuseme unachora ghuba ya Tanga kwenye kivinjari kwa WebGL (njia ya JavaScript ya kuchora kwa kadi ya michoro), na unataka maji yanayozunguka Kisiwa cha Toten yaakisi mikoko. Mikoko huchorwa kwanza kwenye freimubafa, yaani sehemu ya kuchorea isiyoonekana kwenye skrini, kisha tekscha yake (picha iliyochorwa humo) hupakwa juu ya maji. Hapo ndipo maji hutoka meusi tii.

Anza na kichujio, yaani namna tekscha inavyosomwa ikipunguzwa au kukuzwa. Tekscha mpya husubiri mipmapu, nakala zake ndogo ndogo. Kama hukuzitengeneza, weka gl.LINEAR kwenye TEXTURE_MIN_FILTER. Kwenye WebGL 1, vipimo visivyo vipeo vya 2 (yaani si 256, 512, 1024 na kadhalika) hudai pia CLAMP_TO_EDGE, rangi ya ukingo iendelezwe badala ya tekscha kurudiwa, kwa upana na kwa urefu. Kisha ita gl.checkFramebufferStatus, inayokagua kama freimubafa imekamilika, na hatua hii usiiruke kamwe: renderbafa ya kina (hifadhi ya umbali wa kila pikseli) ikiwa 512 kwa 512 na tekscha 1024 kwa 1024, WebGL 1 itaikataa freimubafa hiyo.

Picha ikijibana konani, umesahau gl.viewport, inayoweka eneo la kuchorea; kubadili freimubafa hakuigusi. Wala usisome tekscha ileile unayoichorea. Tengeneza mbili, zipokezane: moja isomwe, nyingine ichorewe.

Kumbukumbu nayo ihurumie: 1920 kwa 1080, RGBA (rangi tatu na uwazi) ya biti 8 kwa kila kimoja, hula takriban MB 8.3 kabla ya renderbafa ya kina. Kwa simu za bei nafuu punguza upana na urefu kwa nusu. Utatumia robo tu, na mawimbi yataficha ukungu wote.