Kona ya stenlesi imekubali

Hatimaye kona imekubali! Ni fremu ya meza, pale vipande viwili vya stenlesi vinapokutana kwa pembe ya mraba na kuchomelewa. Mistari ya kipande hiki inakwenda huku, ya kile inakwenda kule, na katikati kuna ukingo mmoja safi wa mshazari. Nimeimulika tochi kila upande, wingu halipo.

Hilo wingu limenitesa. Mshono ulishasawazishwa, msasa wa 80, 120 na 180 umepita (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi), kisha nikaweka kwenye grenda diski ya nailoni isiyofumwa, ile ya rangi ya damu ya mzee. Ukisimama mbele yake, kazi safi. Ukiinama macho yawe usawa wa chuma na taa iwe upande wa pili, unaona ukungu kuzunguka mshono, na ndani yake mikwaruzo ya msasa imelala vilevile.

Sababu ni nyuzi zenyewe. Chembe za oksidi ya alumini zimegandishwa kwenye nyuzi za nailoni, na uzi ukigusa chuma unanepa. Kwa hiyo diski haichimbi wala haili vipimo vya kazi, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Lakini inafuata uso ulivyo, bondeni inashuka, mlimani inapanda. Mkwaruzo wenye kina inaulainisha kingo tu, kisha unang'aa na kuonekana kuliko mwanzo. Kukandamiza hakusaidii. Joto likipanda nailoni inalainika na kujipaka kwenye chuma, inaacha michirizi ambayo nayo inataka kuondolewa. Grenda ndogo nyingi huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, na kwa diski hizi hiyo ni kasi mno. Kwa maoni yangu, grenda isiyopunguzwa kasi ibaki kwenye kukata na kusawazisha.

Kilichonitoa ni kalamu nene ya wino. Nilirudi kwenye msasa, nikapaka wino eneo zima, nikasugua. Panapobaki mstari mweusi pana bonde, hapo hakuna ubishi. Kila msasa ukavuka mistari ya uliotangulia mpaka ile ya zamani ikaisha yote, na 180 ya mwisho ikafuata mwelekeo wa mistari ya kipande. Ndipo ikaja pedi, ya nyuzi za nailoni kama diski, safari hii kwa mkono, imezungushiwa kibao kilichonyooka. Mvuto mmoja mrefu, inua, rudi mwanzo. Ukisugua nenda-rudi, pale mkono unapogeukia mistari inapinda, na jicho linaiona haraka sana.

Kwenye mshazari niliziba upande mmoja kwa mkanda wa karatasi, tabaka mbili, kwa sababu pedi inatafuna ukingo wa mkanda. Upande wa kwanza ukikamilika, mkanda unahamia juu yake, unavuta wa pili. Nilipobandua mkanda ule wa mwisho nilifurahi mno.

Kuhusu rangi za pedi: ya damu ya mzee kwa kawaida hukaribia msasa wa 320 hadi 400, ya kijivu yenye chembe za silikoni kabaidi badala ya oksidi ya alumini ni laini zaidi, nyeupe karibu haikati kitu. Ila watengenezaji hawafanani, kwa hiyo ijaribu kwanza kwenye kipande cha chakavu. Na pamba ya chuma isisogee karibu na stenlesi. Vijipande vyake hubaki usoni, vikipata unyevu vinaota kutu, na watu wanailaumu stenlesi bure. Vivyo hivyo pedi iliyosugua chuma cha kawaida: nazitenga kila moja na mfuko wake.

Mpango ulikuwa niendelee na miguu ya meza. Lakini pedi ya kijivu ilikuwa mezani, na karibu yake ubao wa juu wenye vanishi ya maji, tabaka la pili likiwa limekauka. Nikaupitishia kidogo tu. Vinundu vya vumbi vimeondoka, vanishi imefifia sawasawa, na pedi haijaziba, kwa kuwa katikati ya nyuzi pako wazi na unga unadondoka. Msasa laini ungekuwa umeshajaa unga wa vanishi. Miguu itasubiri. Sasa nataka kujua kama nyeupe inaweza kutuliza mng'aro wa tabaka la mwisho la vanishi bila kuacha mistari.