Ninalipwa Kucheza Bao: Siku Moja ya Mtoa Tiba kwa Vitendo

Saa 11 alfajiri ninakuwa tayari kituoni Gongo la Mboto, nikiwa na mfuko wenye bao dogo la mninga na kete zake 64 za komwe, ambazo hulia kila daladala inaporuka shimo mpaka abiria wanageuka kunitazama. Kondakta mmoja aliwahi kuniuliza kama ninakwenda kazini au kijiweni, na sikumlaumu, kwa kuwa swali hilohilo nimeulizwa na watu waliosoma kuliko yeye.

Mimi ni mtoa tiba kwa vitendo katika hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Dar es Salaam. Nilisomea Moshi, pale hospitali ya KCMC yenye chuo chake, na kazi yangu ni kumrudisha mgonjwa kwenye mambo aliyokuwa akiyafanya kabla ya ugonjwa au ajali: kuvaa, kupika, kushona, kuandika na, kwa wengine, kucheza. Wengi hutuchanganya na wenzetu wa tiba ya viungo, au hudhani sisi ni wauguzi tusiochoma sindano.

Kuanzia saa 1:30 hadi kukaribia saa 4 nilimfundisha mama aliyepooza upande mmoja kuvaa blauzi akitanguliza mkono mbovu, nikanenepesha mpini wa kijiko kwa ajili ya mtoto asiyeweza kukunja vidole, nikajaza majalada.

Saa 4 ni zamu ya mzee wangu wa bao. Ni fundi cherehani wa Mbagala mwenye umri wa miaka 58, ambaye aligongwa na bodaboda akivuka barabara, akaanguka kichwa kikitangulia, na kwa wiki kadhaa hakushika jambo lolote aliloambiwa. Fahamu zake zimerejea, lakini kumbukumbu zimeacha pengo la pande mbili. Yanayotokea leo hayafiki kesho, na karibu miaka 10 iliyotangulia ajali imefutika. Katika miaka hiyo ndimo alimohamia Mbagala kutoka Singida, akafundishwa bao na wazee wa baraza iliyo karibu na kibanda chake, akawa mchezaji wa kuogopwa. Hayo yote nimeyapata kwa mkewe. Ukimuuliza mwenyewe, atakueleza kwa adabu kwamba bao ni mchezo wa watu wa pwani na kwamba yeye hajawahi kuugusa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Tumewahi kuonana?”

Hujibu hivyo kila ninapokuja, nami hujitambulisha upya, kisha ninapanga bao: kete 6 katika nyumba, yaani shimo kuu la kila mchezaji, 2 na 2 katika mashimo mawili ya jirani, na 22 zilizobaki ninampa mkononi. Nilipomwomba kwa mara ya kwanza anieleze kanuni za mchezo, hakutaja hata moja. Nilipomwachia kete bila kumuuliza chochote, alinamua, yaani alitia kete ya mkononi shimoni, akala kete zangu, akaanza kuzisambaza kutoka kichwa, shimo la mwisho la safu ya mbele, kama ipasavyo, huku akiendelea kunihakikishia kwamba mchezo huu haujui.

Wanaoshuhudia jambo hilo hufikiri ama anaigiza ama ni miujiza, na mimi hulazimika kuwasimulia habari za Henry Molaison, Mmarekani aliyepasuliwa ubongo mwaka 1953 ili atibiwe kifafa, akapoteza uwezo wa kuhifadhi matukio mapya. Mtafiti Brenda Milner alimpa kazi ya kufuatisha mchoro wa nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu, na siku baada ya siku mkono ulizidi kuwa hodari, ingawa mwenyewe hakukumbuka kuwahi kupewa kazi hiyo. Matukio huhitaji hipokampasi, sehemu iliyo ndani kabisa ya ubongo, kila upande na yake, ilhali ustadi wa mikono hutegemea zaidi sehemu nyingine, ukiwemo ubongo mdogo ulio kisogoni. Mzee wangu amepoteza masimulizi ya bao, lakini ustadi wenyewe umesalimika kwa kiasi kikubwa.

Si wote, hata hivyo, na hapo ndipo kazi ilipo. Kusambaza kulirudi mapema, lakini kuamua hakukurudi. Kete ya mwisho inapoangukia katika nyumba, mchezaji huchagua kati ya kulala, yaani kuishia hapo, na kusafiri, yaani kuzitoa kete za nyumba na kuendelea kusambaza, na uamuzi huo unadai kupima kitakachotokea mashimo mengi mbele. Kwa muda mrefu mzee alisafiri kila alipopata nafasi, akaibomoa nyumba yake bila faida. Leo kete ilipofika nyumbani alisita. Akaangalia safu yangu ya mbele, akahesabu kwa midomo, akalala. Nilitamani kupiga vigelegele, ila sheria za wodi haziruhusu.

Ndipo akaingia mdogo wake.

Ninasema kwa heshima kwamba ndugu wa mgonjwa ni nusu ya tiba, lakini huyu, leo, alikuwa nusu ya pili ya ajali. Alisimama miguuni pa kitanda akiwa ameshika funguo za gari, akatazama bao, akanitazama mimi, akasema, “Dada, sisi mgonjwa tumemleta hospitali. Barazani angeenda mwenyewe.” Nilimkaribisha kiti, akakataa. Akamgeukia kaka yake na kuanza mtihani ambao ninauchukia kuliko harufu ya dawa za wodini: “Kaka, mimi nani? Jana nilikuletea nini?” Mzee alimtambua, kwa maana sura za utotoni hazijampotea, lakini habari ya jana hakuwa nayo, kwa hiyo akabahatisha kuwa aliletewa ndizi. “Siyo! Fikiri!” Akabahatisha machungwa. “Siyo! Wewe kaka hujitahidi!”

Nilimsihi aache, nikamweleza sababu. Mtu mwenye kumbukumbu nzima akikosea, hukumbuka kwamba alisahihishwa, lakini mtu kama mzee husahau sahihisho na kubaki na kosa, kwa hiyo kesho huenda ndizi zikamjia tena mdomoni kana kwamba ni kweli. Alan Baddeley na Barbara Wilson walionyesha mwaka 1994 kwamba wagonjwa wa namna hii hujifunza vizuri zaidi wanapozuiwa wasikosee tangu mwanzo. Ndiyo maana mimi humwambia jibu kwanza, naye hulirudia baadaye. Kijana (ninamwita kijana ingawa ana mvi) alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama hakuna sindano ya kumbukumbu. Nilipomjibu kwamba hakuna, alitoa simu na kumweleza mtu fulani, kwa sauti iliyofika kitanda cha mwisho, kwamba hapa hospitali wanacheza bao tu. Akamtaka daktari. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji. Akasema atamsubiri, na alisubiri papo hapo, akitembea huku na huku, akijibu simu, akirudia maswali yake kila nilipojaribu kuendelea na mchezo.

Mtu aliyeumia ubongo huchoka upesi, na kelele humchosha maradufu. Vipindi vyangu na mzee havizidi nusu saa kwa sababu hiyo. Nikamwona anakunja uso na kushika kipaji, na kabla sijaliondoa bao alilisukuma, kete zikatawanyika hadi chini ya vitanda vya jirani. Nikapiga magoti nikiwa na sare yangu nyeupe na kuanza kuziokota, nikisaidiwa na muuguzi mmoja na mgonjwa mwenye plasta ya mguu aliyezisukuma kwa mkongojo, huku mdogo wake mzee akiruka miguu yangu kwenda dirishani kupata mtandao.

Daktari alikuja, akamweleza kwa sentensi mbili yaleyale niliyomweleza, na yeye akaitikia, “Sawa, daktari, nimeelewa.” Sitaongeza neno hapo. Daktari alipoondoka, mdogo wake mzee aliniuliza kwa sauti ya chini, safari hii kama ndugu kweli, kama bao litamrudishia kaka yake miaka iliyopotea. Nikamjibu kwamba sitarajii hivyo. Kinachoweza kurudi ni mchezo wenyewe, na pamoja na mchezo, mahali pa kukaa jioni na watu wanaomwita kwa jina. Akatikisa kichwa, akaenda bila kuaga.

Chakula cha mchana nilikila nikiwa nimesimama, na yaliyofuata siwezi kuyapangia saa. Kulikuwa na wagonjwa wa nje, kulikuwa na fomu za bima, magoti yalikuwa yakiuma, kisha nikajikuta ndani ya daladala ya Mbagala iliyonasa kwenye foleni, kwa kuwa niliwaahidi wazee wa baraza kwamba nitawatembelea kabla ya mwenzao kurudishwa kwao.

Walinipisha kwenye mkeka. Nikawaomba wasimuulize kama anawakumbuka, bali kila mmoja ajitambulishe. Wamweke kivulini, wazime redio, wasicheze nao zaidi ya nusu saa, na mkewe aandike matokeo katika daftari, maana bila maandishi hataamini kwamba alishinda. Mmoja akauliza kama wamwachie ashinde. Kabla sijajibu, mwingine alimkatiza kwamba yule akiachiwa atajua mara moja, na kwamba yeye binafsi anadai kisasi cha bao la mkononi, yaani kufungwa kabla kete za mkononi hazijaisha, alilofungwa juma la ajali.

“Sasa nikimfunga, kesho atakumbuka?”

“Hatakumbuka, babu.”

“Basi hiyo si haki,” akasema, na baraza nzima ikacheka.

Nyumbani nilifika usiku, nikafungua jalada lake nikiwa bado na viatu mguuni. Sehemu ya malengo niliandika: atacheza bao moja kamili barazani, akiamua mwenyewe kulala au kusafiri, bila kukumbushwa zamu yake. Mkuu wa kitengo atauliza hilo linapimwaje, nami nimeshamwandalia jedwali.