Mwani wa ndevu nyeusi hautoki kwa kukwangua

Katika tangi la samaki la maji baridi (yasiyo ya chumvi) lenye mimea, huu ni kati ya mwani sugu zaidi. Huota kwa vishungi vifupi vyeusi kwenye kingo za majani ya mimea ya majini kama Anubias, kwenye magogo na kwenye mdomo wa filta, pale maji yanapopita kwa kasi. Pamoja na weusi wake, ni wa jamii ya mwani mwekundu: chovya kishungi kwenye spiriti, kitageuka chekundu. Kikibaki kijani, hiyo ni aina nyingine.

Usiukwangue jani, maana umeshikilia kuliko jani lenyewe na utaishia kulichana. Jani zee lililofunikwa likate tu. Sehemu nyingine tumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda, mililita 1 kwa kila lita 4 za maji yaliyomo kweli. Tangi la lita 80 likiwa na changarawe na mawe huenda lina lita 68, kwa hiyo dozi yako isizidi mililita 17.

Zima filta, maji yatulie. Vuta dawa kwa bomba la sindano, sogeza ncha karibu kabisa na mwani, sukuma polepole. Vipovu vitoke, visipotoka, dawa imeshapoteza nguvu. Baada ya dakika 10 washa filta, usingoje zaidi, kwani bakteria wa filta wanahitaji oksijeni. Siku ya 2 hadi ya 4 mwani hugeuka waridi, kisha mweupe, na hapo uduvi huanza kuula. Ukiwa umeenea, shughulikia upande mmoja leo, mwingine baada ya siku 3. Kuzidisha dozi huua uduvi, na mimea kama Vallisneria na kuvumwani (moss) huungua hata kwa dozi ndogo.

Lakini dawa bila kuondoa chanzo ni kazi bure. Chanzo kikubwa ni kaboni dioksaidi inayopanda na kushuka. Mwenye mtungi wa gesi hiyo ya kulishia mimea aifungulie saa 1 hadi 2 kabla ya taa, ili kiashiria (kichupa cha tangini kinachobadilika rangi kulingana na gesi hiyo) kiwe kijani taa zinapowaka na kibaki hivyo. Chupa ya sukari na hamira hutoa gesi nyingi siku za mwanzo kisha hufifia, na mwani hufurahia mabadiliko hayo. Afadhali uiache kabisa na upunguze mwanga.

Taa ziwake kwa muda wa saa 6 au 7 tu kwa siku. Badilisha nusu ya maji kila wiki, na sponji la filta lisuuzwe kwenye maji yaliyotolewa humo humo tangini. Wengi hukata mbolea wakidhani wanaunyima mwani chakula. Kinachodhoofika ni mimea, na majani yaliyodhoofika ndiyo mwani unayoyashika kwanza. Naitreti, kirutubisho cha mimea, ya miligramu 10 hadi 20 kwa lita haina ubaya.

Maendeleo yapime kwa majani mapya. Yakikaa wiki 3 bila ndevu, acha sindano, endelea kubadilisha maji kila wiki.